Kukoroma si usingizi mtamu: Tatizo linalompiga mchezaji chenga akiwa kitandani

NAMANYERE. MECHI ya soka ni dakika 90. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima nao ni kama dakika 90 hivi. Mtu akilala vizuri usiku mzima, amecheza mechi nne au tano mfululizo bila kujijua, na asubuhi anaamka fresh.

Sasa chukulia refa anapuliza filimbi kila baada ya dakika mbili. Mpira unasimama, unaanza, unasimama tena. Mechi ya namna hiyo haina pasi tano, haina shambulizi, haina ladha. Mashabiki wanatoka uwanjani wana hasira, wachezaji wamechoka na hakuna kilichochezwa.

Hivyo ndivyo usiku unavyokwenda kwa mtu mwenye apnea ya usingizi, yaani tatizo la kukata pumzi akiwa amelala. Mwenyewe anaamini amelala saa nane. Ukweli ni kwamba amelala vipande vipande, na vipande hivyo havimtoshi kupumzisha mwili wala akili.

Kinachofanya ishu hii iingie kwenye kurasa za michezo ni kwamba wanaume wenye shingo nene na miili mikubwa, wale ambao kocha yeyote angependa kuwa nao pale nyuma, wapo mstari wa mbele kupata tatizo hili. Nao wamo pia wastaafu waliotundika daluga, tumbo likaongezeka, na sasa wanacheza mechi za maveterani Jumapili asubuhi.

Wengi wao huitwa wavivu. Wengine huambiwa wamerogwa. Wachache sana huambiwa waende hospitali.

KINACHOTOKEA KOONI

Mtu anapolala, misuli yote hulegea, pamoja na ile ya koo na ulimi. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa mwenye apnea, njia ile hujifunga. Ulimi unarudi nyuma, nyama za koo zinakutana, hewa haipiti. Kifua kinahangaika kuvuta lakini hakuna kinachoingia.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huhesabu tukio moja. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mwili unamwaga homoni zile zile za kukimbia hatari, na mtu anavuta pumzi kwa kishindo. Halafu anaendelea kukoroma. Asubuhi hakumbuki chochote.

Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni tatizo dogo. Kuanzia 15 ni la kati. Yakifika 30 kwa saa ni kubwa, na hesabu yake ndiyo ile ya refa wa filimbi ya kila dakika mbili. Kwa saa saba za kulala, mtu huyo ameshtuliwa zaidi ya mara 200.

Ripoti iliyochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la kitabibu la Lancet Respiratory Medicine ilikadiria kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Kati yao, milioni 425 wana la kati au kubwa. Sehemu kubwa ya watu hao hawajui.

MAJITU YA MPIRA WA YAI

Mchezo ulioibeba habari hii kwa muda mrefu ni soka la Kimarekani, ule mpira wa yai ambao watu wazito hugongana kama fahali. Mwaka 2003, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa ligi yao kuu, NFL. Makadirio yalikuwa asilimia 14 ya wachezaji wana tatizo la kupumua usingizini. Kwa wale wenye miili mikubwa na shingo nene, waliowekwa kwenye kundi la hatari zaidi, ilikuwa asilimia 34.

Hao ni vijana wanaofanya mazoezi kila siku, wana madaktari na wapishi. Kwa hiyo yule anayesema apnea ni ya wazee na wanene waliokaa tu hajaambiwa yote.

Mwaka uliofuata, ligi hiyo ilipata pigo. Reggie White, mmoja wa mabeki wakubwa kuwahi kutokea kwenye mchezo huo, aliyetamba na Philadelphia Eagles na kutwaa ubingwa wa Super Bowl akiwa na Green Bay Packers, alifariki Desemba 26, 2004. Alikuwa na miaka 43 tu. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa uliogusa moyo na mapafu, na wachunguzi walisema huenda apnea ya usingizi nayo ilichangia. Mkewe, Sara White, alijitosa baadaye kuelimisha watu kuhusu kukoroma kwa waume zao.

Kwenye kikapu, gwiji Shaquille O'Neal naye alikutwa na tatizo hilo. Mwaka 2011 alikubali kurekodiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard akipimwa usingizi, akionekana amelala na mashine usoni. Jitu lile lenye urefu wa zaidi ya mita 2.1, lililotwaa ubingwa wa NBA mara nne, halikuona aibu kusema hewa inamkata usiku. Na kama ilivyo kwa wengi, aliyeligundua kwanza alikuwa mwenza wake aliyelala pembeni.

HASIRA ISIYO NA SABABU

Lakini stori inayogusa zaidi upande wa akili ni ya Ryan Jensen. Huyu alisajiliwa na Baltimore Ravens mwaka 2013, akawa mtu wa kuingia na kutoka kikosini. Jensen ameeleza hadharani kwamba kipindi hicho alikuwa na sonona, wasiwasi na hasira za karibu. Vitu vidogo vilimwasha. Hakuelewa kwa nini, na waliokuwa karibu naye hawakuelewa pia.

Alipopimwa usingizi, majibu yakawa apnea. Akaanza kulala na mashine ya kusukuma hewa.

Msimu wa 2017 alianza mechi zote 16 za Ravens. Machi 2018 Tampa Bay Buccaneers walimpa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 42. Februari 2021 alikuwa uwanjani akimlinda Tom Brady, Buccaneers wakiichapa Kansas City Chiefs 31-9 na kubeba Super Bowl.

Mashine haikumfundisha kucheza, kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo. Ilichomrudishia ni usiku wake, na usiku ukamrudishia mchana.

Ukweli huo una takwimu nyuma yake. Mwaka 2012, watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walichambua taarifa za watu wazima 9,714. Waliokuwa wakikata pumzi au kukoroma kwa kukwama siku tano au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kuwa na sonona kama mara tatu ya wengine. Ilikuwa hivyo kwa wanaume na kwa wanawake.

Utafiti mwingine, wa Australia, ulichapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 293 waliopimwa na kukutwa na apnea waliulizwa kuhusu hali zao za moyoni. Asilimia 73 walikuwa na dalili za sonona. Wale walioitumia mashine angalau saa tano kila usiku kwa miezi mitatu walikuwa 228, na kati yao waliobaki na dalili hizo walikuwa tisa tu. Kulikuwa na 41 waliokuwa na mawazo ya kujidhuru walipoanza matibabu. Baada ya miezi mitatu hakuna hata mmoja aliyesema bado anayo.

Hiyo haina maana kwamba kila sonona inatoka kooni. Mtu anaweza kufiwa, kudaiwa, kuachwa, kukosa kazi. Na aliyeandikiwa dawa za sonona hatakiwi kuziacha kwa sababu amesoma gazetini. Ila daktari akikutana na mgonjwa aliyechoka, mkali na asiye na furaha, swali la "unakoroma?" linapaswa kuwemo kwenye orodha.

KWA NINI AKILI INAPATA SHIDA

Usingizi una kazi mbili kubwa. Ule mzito wa mwanzo wa usiku ndio unaokarabati mwili, na ndimo homoni ya ukuaji inamwagika kwa wingi. Ule wa ndoto, ambao huwa mrefu kuelekea alfajiri, unapanga kumbukumbu na kutuliza yaliyomkera mtu mchana.

Apnea inavuruga vyote viwili. Mchezaji anafundishwa mfumo mpya Jumanne, Alhamisi kausahau. Kosa dogo la mwenzake linamfanya apandishe. Penalti aliyokosa wiki iliyopita bado inamuuma kama vile imetokea asubuhi hii. Mazoezi anayafanya kwa kujilazimisha, na kwa wanaume homoni ya kiume nayo inaweza kushuka, hamu ya tendo ikapungua, ugomvi ukahamia nyumbani.

Nyumbani kwenyewe tayari kuna kesi. Mama watoto amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya kelele. Jirani wa chumba cha pili anagonga ukuta. Kambini hakuna anayetaka kulala na jamaa chumba kimoja, na utani wa "trekta limewaka" unaanza. Anacheka nao, lakini moyoni anajitenga. Upweke ukikutana na uchovu, sonona haichelewi kubisha hodi.

SUMBAWANGA, JINAMIZI NA UTANI WA SOKA

Hapa Ufipa habari hii ina upande wake. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kutoka Kifipa kuwa ni "tupa uchawi". Pamoja na maana hiyo ya kuukataa uchawi, nchi nzima imeugeuza mji huu kuwa kichekesho cha waganga, na timu ikija kucheza Uwanja wa Nelson Mandela utani hauishi. Oktoba 2020, Tanzania Prisons waliokuwa wakiutumia uwanja huo waliifunga Simba iliyokuwa bingwa bao 1-0, na wapo mashabiki waliotafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye mpira wenyewe.

Utani wa mpira hauna shida. Shida inakuja pale mtu wa Namanyere anapoamka saa nane usiku amekabwa koo, moyo unadunda, jasho linamtoka hata kwenye baridi ya Juni na Julai ya uwanda huu wa juu. Jibu la haraka, siyo Ufipa tu bali pwani mpaka bara, ni kwamba amekabwa na jinamizi. Au kuna mtu kamtuma mtu.

Kuamka umekabwa kunaweza kuwa na sababu kadhaa, na apnea ni mojawapo kubwa. Mtu akipelekwa kuoshwa, kuchanjwa na kupewa hirizi, koo lake linabaki vile vile. Usiku unaofuata linajifunga tena. Hofu inaongezeka, sasa anaogopa hata kulala, anamshuku shangazi, anamshuku mchezaji mwenzake aliyemnyang'anya namba. Ugonjwa wa koo umegeuka ugomvi wa ukoo.

Kuna jingine la kuchanganya. Namanyere ni mji wa watu wanaolala kidogo kwa sababu zao. Msimu wa kilimo watu wanadamka kabla ya jua. Wavuvi wa Kirando na Kipili, kule chini ziwani Tanganyika, kazi yao ya dagaa ni ya usiku. Na mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa za hapa, kwa hiyo anayetoka kibanda umiza anafika kitandani saa 7.

Hawa wote watasinzia mchana, na siyo lazima wawe wagonjwa. Tofauti ni rahisi. Aliyekosa usingizi akipata usiku mmoja au mbili za kulala vizuri, anarudi kwenye hali yake. Mwenye apnea hata alale saa 10, anaamka na kichwa kinauma, kinywa kimekauka na uchovu ule ule.

BARABARANI NAKO

Timu ikitoka Dar es Salaam kuja Sumbawanga kwa basi inakula zaidi ya kilomita 1,000. Malori ya mahindi nayo yanashuka kutoka Rukwa. Dereva mwenye apnea isiyotibiwa ana hatari kubwa zaidi ya ajali kuliko mwenzake, kwa sababu usingizi unamchukua bila kumuuliza. Klabu inayompima mchezaji goti na kumsahau anayeshika usukani imefanya nusu ya kazi.

Boda boda, mlinzi wa usiku, fundi wa mashine ya kusaga, wote wapo kwenye kundi hilo. Sekunde tatu za kusinzia zinatosha kuleta maafa.

MASWALI MANANE

Mwaka 2008 wataalamu wa Toronto, Kanada, walitoa maswali mepesi ambayo yanatumika duniani kote kuchuja watu kabla ya vipimo vikubwa. Kila "ndiyo" ni pointi moja.

Je, unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukiwa umefungwa? Unajisikia umechoka au unasinzia mchana mara kwa mara? Kuna mtu amewahi kukuona umekata pumzi usingizini? Una shinikizo la juu la damu?

Uzito wako umezidi sana ukilinganisha na urefu wako? Umevuka miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanaume?

Shingo hupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Ukipata pointi tatu au zaidi, ni busara kumwona daktari. Siyo kwamba tayari unaumwa, ila una sababu ya kuchunguzwa. Ukipata tano na kwenda juu, usisubiri ligi iishe.

Swali la tatu huwezi kulijibu peke yako. Muulize mkeo, mumeo, mwenzako wa kambini. Au washa simu irekodi sauti usiku. Kukoroma kunakonyamaza ghafla, kimya kikatanda, halafu kukaja mkoromo mkubwa wa kukwama, hiyo ndiyo sauti ya kumpelekea daktari.

DAWA IPO

Namanyere safari inaanza kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya ya Nkasi. Pale watapima shinikizo la damu, sukari na uzito, na kuangalia koo. Wakiona haja, rufaa inakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sumbawanga, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Daktari wa masikio, pua na koo ni mtu muhimu kwenye safari hii.

Kipimo chenyewe humtaka mtu alale huku amewekewa vifaa vinavyosoma pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo. Tiba inayojulikana zaidi kwa tatizo kubwa ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Ilibuniwa Australia na Colin Sullivan na wenzake, wakaitangaza mwaka 1981. Ni mashine ya bei na inahitaji umeme, hivyo siyo kila mtu ataipata kesho.

Lakini yapo yasiyohitaji umeme. Kupunguza uzito kunapunguza tatizo, na hapo mazoezi ya maveterani yana faida zaidi ya supu inayofuata. Pombe hulegeza misuli ya koo, iwe bia au ya kienyeji ya ulezi, kwa hiyo anayekunywa na kwenda moja kwa moja kitandani anajikaba mwenyewe. Sigara nayo huvimbisha njia ya hewa.

Kulala ubavu kunawasaidia wengi, kwa kuwa ulimi haurudi nyuma. Kuna mbinu ya zamani ya kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kuweka mpira wa tenisi, ili mtu akigeuka chali uvimbe ule umrudishe ubavu. Fundi yeyote wa Namanyere anaweza kuishona.

Cha kukwepa ni vidonge vya usingizi vya kujinunulia. Kiungo wa zamani wa Tottenham, Dele Alli, alieleza Julai 2023 jinsi vidonge hivyo vilivyomfanya mraibu mpaka akaingia kwenye kituo cha matibabu. Yeye hakusema ana apnea. Kwa mwenye apnea kuna hatari ya ziada, kwani baadhi ya dawa hizo hulegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kushtuka.

MAKOCHA NA WATOTO

Makocha wa timu za vijana nao wana lao. Mtoto akikoroma kila siku, sababu mara nyingi ni mafindofindo yaliyovimba. Tofauti na mtu mzima, mtoto huyo huenda asisinzie, badala yake anakuwa mtundu kupita kiasi, hasikii maelekezo na shuleni anashuka. Anachapwa kwa ukorofi kumbe halali. Kwa wengi wao upasuaji wa kuondoa mafindofindo humaliza kazi.

Manchester United ya Sir Alex Ferguson iliwahi kumtumia mtaalamu wa usingizi, Nick Littlehales, wakati klabu nyingi zikidhani kulala ni jambo la mtu binafsi. Timu ya daraja la chini pale Nkasi haina bajeti hiyo, lakini kocha ana macho na masikio. Anajua nani anasinzia kwenye maelekezo ya ubaoni, nani amebadilika tabia, nani hakuna anayetaka kulala naye chumba kimoja.

Kabla hajamweka benchi kwa uvivu, amwite pembeni na kumuuliza swali moja: usiku unalalaje?